Sema Nani, Sema kwa Nini

Nyumbani, 4 Februari

Dada,

Shikamoo, na pole na mguu. Nisamehe, nilicheka nilipopata habari kwamba fundi cherehani mzima, mwenye wanafunzi wa kuwafundisha, ameanguka kwenye stuli akitundika pazia alilolishona mwenyewe. Mama alipoambiwa alicheka mpaka akafuta machozi, akasema wewe ulianza kuanguka hata kutembea hujajua.

Sisi hatujambo. Binti yangu amerudi shule ya bweni, nyumba imepoa. Mimi bado nasoma mita za maji, bado mbwa wa watu wananikimbiza. Saluni ya mke wangu pale sebuleni imechangamka, hadi kochi la Baba limesogezwa karibu na mlango kupisha mashine ya kukaushia nywele. Kasoro ni moja tu, kwamba Mama ndiye anayekaa kwenye kochi hilo, na kila mteja anayetoka lazima apite mbele yake akaguliwe. Juzi mke wa meneja wa benki alitoka na mtindo mpya. Mama akamshika mkono kwa huruma kabisa: "Pole, mwanangu. Amefariki nani?" Yule mama hajarudi tena. Mimi nilikimbilia bafuni kucheka. Mke wangu hakucheka.

Kimya, dada yetu wa kazi, yuko vilevile. Ametulea sisi, sasa anamhudumia Mama, na maneno aliyoyasema miaka yote hiyo hayajazi kibaba.

Sasa jambo lenyewe. Mama analala. Sisemi kusinzia kwa kizee, nasema kulala. Tangu mwezi uliopita, ikifika saa nne asubuhi amezimika pale kochini, mdomo wazi, mpaka alasiri. Akiamka ulimi mzito, anauliza kama leo ni leo au jana. Mke wangu anasema ni uzee. Mimi siamini. Juzi nilinusa kikombe chake cha chai, nikakuta harufu ya pipi za watoto. Mama na pipi wapi na wapi? Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu.

Hii ni kesi, Dada. Unamkumbuka Baba akirudi kutoka kiwanda cha chapa na kitabu cha upelelezi kwapani, kurasa za mwisho ameshazishona kwa uzi mwekundu? Fundi wa kufunga vitabu, alifunga hata vile vilivyotakiwa kufunguliwa. "Hakati mtu uzi mpaka aseme. Sema nani, sema kwa nini." Wewe ulikuwa unapatia, mimi nakosa, halafu mnanicheka wiki nzima. Lakini tangu wakati huo nimesoma vingi kuliko wewe, na sheria naijua: mwovu ni yule usiyemdhania. Safari hii nitampata mimi.

Nijibu kwa anuani ya kazini. Hapa nyumbani barua zinapotelea kwenye magazeti ya mitindo. Naishia hapa, maana duka la dawa linakaribia kufungwa na mke wangu ameniagiza dawa ya kikohozi.

Mdogo wako


Chumba cha kushonea, 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu unawasha ndani ya plasta, najikuna kwa sindano ya kufumia. Daktari amesema nisiote safari kabla ya mwezi wa sita. Wanafunzi wangu wa ushonaji wamefurahi, kwa sababu sasa siwezi kuwafuata nyuma ya meza. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani ameleta oda ya sketi, na amekuja na rula yake mwenyewe, asije akaibiwa magoti.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili imenikera. Mama akilala mchana kutwa anapelekwa hospitali. Hafanywi sura ya kwanza ya kitabu. Mtoto gani ananusa kikombe cha mama yake, anakuta harufu isiyo yake, kisha anakaa chini kuandika barua kwa furaha kwamba amepata kesi? Tangu ulipokuwa mdogo ulipenda fumbo kuliko watu waliomo. Nilidhani utakua ukaacha.

Na sheria yako hiyo umeitoa wapi? Baba hakuwahi kusema mwovu ni yule usiyemdhania. Hiyo ni hila ya mwandishi, ili usiache kununua vitabu vyake. Baba alikuwa akisema: usitafute nani ana sura mbaya, tazama nani amepata nafuu. Mtu akifa, mtu akiugua, kitu kikipotea, geuza shingo umwone aliyepumua. Ndiyo maana nilikuwa napatia. Sikuwa na akili kuliko wewe, nilikuwa natazama anayepumua.

Nina maswali mawili, ya kijinga, ya fundi nguo. La kwanza: nani anapika chai ya asubuhi ya Mama? La pili: mwanao yuko bweni, wewe hujanilalamikia kifua, Mama hajawahi kukohoa maisha yake, na Kimya hata chafya hupigia uani. Basi nani anakohoa hapo nyumbani?

Nijibu haya kabla hujaendelea na upelelezi wako. Msalimie Mama, mwambie nimesikia kuhusu msiba wa nywele. Msalimie Kimya. Msalimie na mkeo.

Dada yako


Kazini, 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na kazi ya kubadilisha mita mtaa mzima. Binti yangu ameandika, anakusalimia, anaomba sketi moja isiyopimwa kwa rula.

Kesi imekwisha. Kaa vizuri usome.

Alhamisi nilisahau tochi yangu nyumbani. Nilirudi kwa mlango wa nyuma, na nani nimkute jikoni ameinamia sinki? Kimya. Anamwaga chai ya Mama, kikombe kizima, kimejaa. Nikamuuliza, "Unamwaga nini?" Akasema, "Imepoa." Dada, mvuke ulikuwa bado unatoka! Nikakinusa kikombe. Pipi zilezile.

Jumapili saluni ilifungwa. Nikawakusanya wote sebuleni kama inavyotakiwa. Mama kwenye kochi, mke wangu kwenye kiti cha mashine ya kukaushia, Kimya aligoma kukaa, akasimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Nikafunga mikono nyuma, nikatembea kidogo. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio. Nani anaaminiwa kuliko wote hapa? Nani hasemi kitu, anasikia kila kitu? Nani ameingia na kutoka chumbani kwa Mama tangu sisi watoto, bila mtu kumtazama mara mbili? Nani anataka Mama alale, ili naye apumzike? Ulisema nitazame anayepumua. Nilitazama. Mwisho nikanyoosha kidole.

Ningependa ungekuwepo. Mke wangu alishika kifua, akasema, "Nilikuwa naogopa kusema." Kimya hakujitetea hata kwa neno moja. Aliyenyamaza amekubali, nalo hilo ni la wahenga, siyo la vitabu. Alikwenda chumbani kwake, akatoka na mkoba mmoja, akakikunja kitambaa cha jikoni, akakiweka juu ya mashine ya kukaushia nywele. Akaondoka kwa miguu. Mama, ulimi bado mzito wa usingizi, alinitazama tu, akaomba asogezewe blanketi.

Sasa usihofu. Chai ya asubuhi nampelekea mimi mwenyewe kabla sijaenda kazini, kutoka mkono wangu hadi mkono wake, na nasimama pale mpaka aimalize. Hakuna atakayekigusa tena kile kikombe.

Mpelelezi wako


Chumba cha kushonea, 29 Machi

Wewe,

Marahaba sina. Habari za huku ni nzuri, ila sitakupa.

Barua yako niliisoma wakati wa chakula cha mchana. Sahani nikaisukuma, mpaka leo bado naisukuma. Nimeona kinyaa ambacho sijawahi kukiona, na mimi nimewahi kufumua magodoro ya gesti. Umetembea sebuleni mikono nyuma! Mbele ya mama mgonjwa! Mwanamke aliyekufulia nguo ulizozikojolea mpaka darasa la nne, unamnyooshea kidole ili sentensi yako imalizike vizuri! Kweli shukrani ya punda ni mateke, ila punda hajitungii hotuba kabla ya kupiga.

Sasa nisikilize, Mpelelezi, tuchukue ushahidi wako huohuo. Kikombe kilikuwa kimejaa. Umeandika wewe, tena kwa majivuno: kizima, kimejaa, mvuke unatoka. Mtu anayemlewesha mwenzake anamwaga masalia, akishanyweshwa. Anayemwaga kikombe kizima kinachotoka mvuke hataki kinywewe. Kimya alikuwa anamwokoa Mama yako, mjinga wewe, na wewe umemfukuza mtu pekee katika nyumba hiyo aliyekuwa anamlinda.

Nikaja kusoma kwamba mkeo "alikuwa anaogopa kusema." Nikaiweka barua chini, nikatoka kukaa uani.

Umevisoma vingi kuliko mimi, sawa. Kuna kitu hukukiona. Vitabuni mwovu anafichwa na mwandishi, ndiyo maana lazima umtafute kwa yule usiyemdhania. Nyumbani hakuna mwandishi. Nyumbani mwovu anafichwa na wale wanaompenda, tena hawamfichi mbali, wanamficha palepale mezani. Kikulacho ki nguoni mwako, nawe unapekua mkoba wa mfanyakazi.

Nina jina mdomoni na silitamki. Nikilitamka mimi, kesho utasema, na ukoo wote utasema, ndivyo walivyo mawifi. Basi nameza mate. Lakini nakuuliza tena: chai anapika nani? Nani anakohoa? Safari iliyopita ulinijibu kurasa nne na hayo mawili ukayaruka kama mtu anayeruka mtaro.

Kimya yuko wapi? Umeuliza hata alipolala?

Dada yako


Kazini, 2 Mei

Dada,

Shikamoo. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikupenda ulivyoniandikia. Mimi ni mtu mzima, nina familia. Kama hupendi ninavyoiendesha nyumba, tupa plasta uje uiendeshe.

Habari ni hizi. Mama ameanguka. Aliamka alasiri akiwa bado mzito, akaelekea bafuni peke yake, hakuna wa kumshika. Mkono wa kushoto umevunjika juu kidogo ya kiganja, na shavu limechubuka. Nilimpeleka hospitali. Daktari, kijana, alimfunua macho kwa vidole, akaniuliza, "Huyu mama anatumia dawa gani?" Nikasema hatumii dawa yoyote. Akauliza tena, "Una hakika?" Nikasema mimi ndiye ninayempa chai kwa mkono wangu, hakuna kinachomfikia bila mimi kukijua. Akaandika kitu, hakunitazama tena.

Kwa hiyo kesi haijaisha, nakubali. Tangu Kimya aondoke Mama analala zaidi, siyo kidogo. Zamani kulikuwa na siku anaamka mzima, anatukana wateja mpaka jioni. Sasa hakuna siku hiyo. Nimewaza kwamba Kimya ana mshirika. Namshuku muuza maziwa. Anakuja kabla sijaamka, anafahamiana na Kimya tangu zamani, na hakuna anayemtazama mara mbili. Nimeanza kununua maziwa mtaa mwingine.

Mengine ni ya kawaida. Wateja wamerudi, hata mke wa meneja. Sebule imetulia. Mke wangu anamwombea Mama apone. Nimechoka tu, Dada, jua la mitaani, foleni hospitalini, na kila wiki kutumwa duka la dawa utadhani mimi ndiye mtumishi.

Maswali yako nimeyasoma. Si ya msingi.

Mdogo wako


Chumba cha kushonea, 10 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa Mama. Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimeshona.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi iliyokunjwa na kushonwa pande zote kwa uzi mwekundu. Mshono ni ule wa Baba, alinifundisha mimi na hakukufundisha wewe kwa sababu ulikuwa unachungulia. Usiukate mpaka uwe umeniandikia kwa mkono wako mambo mawili. Sema nani. Sema kwa nini. Mshirika simtaki, muuza maziwa simtaki.

Barua yako ya mwisho nimeisoma kama alivyotufundisha, nikitafuta anayepumua. "Wateja wamerudi. Sebule imetulia." Umeandika mwenyewe, mstari mmoja chini ya mkono wa Mama uliovunjika. Na mara ya pili umenitajia duka la dawa bila kuulizwa. Mimi niko mbali na mguu mbovu na nimeliona. Wewe uko humo ndani.

Sina salamu za mtu mwingine.

Dada yako


Kazini, 8 Juni

Dada,

Shikamoo.

Binti yangu hajambo, ila hajui, na naomba asijue kwako.

Karatasi yako nimetembea nayo kwenye mfuko wa shati, nikifungua vifuniko vya mita za watu na kusoma namba ambazo sizikumbuki. Sikutaka kuandika. Nilidhani nikikaa kimya itapita. Halafu jana nikatumwa tena duka la dawa. Muuzaji aliponiona hakuniuliza kitu. Aliinama, akaibuka na chupa, akaiweka kaunta. "Ile ya siku zote." Kisha akaniangalia kwa huruma akasema, "Lakini huyo mtoto wako kikohozi gani hakiponi? Hii inalewesha, kaka, usimpe kila siku. Mlete tumwone."

Nikafungua kifuniko pale pale, nikanusa. Pipi, Dada.

Sikurudi kazini. Nilikwenda nyumbani. Ilikuwa saa tano, mke wangu alikuwa akimkata nywele mteja, wanazungumza habari za mitindo. Mama yuko kwenye kochi, mdomo wazi, mkono umefungwa umelala mapajani kama si wake. Nywele za wateja zilikuwa zimetapakaa kwenye blanketi lake, zimenasa shingoni, na unywele mmoja mrefu wa mtu mwingine umeingia mdomoni mwake, unapanda na kushuka anapopumua. Hakuna aliyejali kuutoa. Nikapiga magoti nikautoa. Ulikuwa umelowa. Sijui kilichonitia kinyaa ni huo unywele au ni mimi mwenyewe.

Niliiweka chupa mezani mbele ya kioo. Mke wangu hakugeuka. Akasema, "Asante, ilikuwa inakaribia kwisha."

Basi naandika. Nani: mke wangu. Chai anapika yeye, tangu mwaka huu uanze, alisema anataka kumpunguzia Kimya kazi. Hakuna anayekohoa. Kwa nini: ili Mama asiwasemeshe wateja.

Mteja alipoondoka nilimuuliza. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo linalonichefua. Akasema, "Kwani nimemuua? Analala tu. Wewe unatoka asubuhi unarudi jioni unanusa vikombe. Mimi ndiye ninayekaa naye, mimi ndiye ninayekimbiziwa wateja. Na usijifanye hukujua. Dawa alikuwa anainunua nani?" Mengine ya mke wangu usiniulize, kwa sasa sijui ninachotaka kusema.

Baada ya kuandika hapo juu ndipo nilipokata uzi. Nikakunjua. Karatasi tupu. Nikaigeuza, nyuma nako tupu. Dada, nilikaa kwenye ngazi za ofisi na karatasi nyeupe mkononi, watu wananiruka.

Nimemtafuta Kimya. Yuko kwa ndugu yake, anafua nguo za watu. Hakunikaribisha ndani, tulisimama kwenye kamba ya nguo. Nikasema nimekosa, nimekuja kumrudisha. Aliendelea kubana mashuka. Nikamuuliza ilikuwaje na kile kikombe. Akasema, "Nilikuwa namwaga kila nilipowahi." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akanitazama vizuri, nadhani mara ya kwanza tangu nizaliwe. "Ningesema, ungemwamini nani?" Nikaokota kibanio kilichoanguka, nikampa. Akasema, "Haya basi. Mama yako mpe pole. Wewe sina la kukuambia." Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Nimechukua likizo. Chai napika mwenyewe, namwangalia Mama mchana kutwa. Najua plasta yako imetoka. Njoo umchukue.

Mdogo wako


Chumba cha kushonea, 21 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba.

Mama amefika salama, na njia nzima alimkosoa dereva. Mkono unaendelea vizuri. Nimempa kiti karibu na meza ya kukatia, na wanafunzi wangu wameanza kuchelewa kurudi nyumbani kwa ajili ya kumsikiliza. Jana mwalimu mkuu alikuja na rula yake. Mama akamuuliza kama anapima sketi au anatafuta mchumba. Oda imeongezwa.

Siku ile nilipokuja hatukuongea, nami sikutaka. Uliubeba mkoba wa Mama mpaka garini ukitazama chini. Mkeo hakutoka. Pale sebuleni mashine ilikuwa inanguruma na kochi la Baba lilikuwa tayari limeshakaliwa na mteja. Nilibana pua nikapita. Sitakuuliza habari zake, kama ulivyoomba.

Karatasi tupu ni hivi. Ningeandika jina lake humo, ungesema ni maneno ya wifi, na ungekuwa umepata mahali pa kujificha. Nilitaka litoke kwako, bila mtu wa kumsingizia. Basi. Ulipatia, safari hii. Baba angekukatia uzi mwenyewe.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikwisha kuandika anuani kwenye bahasha. Lakini leo asubuhi nilimpelekea Mama chai, naye akainusa kwanza kabla ya kunywa. Nikaona aibu kana kwamba ni mimi. Nikamuuliza, "Mama, kumbe ulikuwa unajua?"

Akasema, "Tangu siku ya kwanza. Chai tamu kama pipi, mimi mtoto? Nilikuwa nampa Kimya, anamwaga. Siku asipowahi, yule wa saluni ananisimamia, nakunywa, nalala."

"Na Kimya alipoondoka? Ulikuwa peke yako na mwanao asubuhi zote zile. Kwa nini hukumwambia?"

Aliinusa chai tena, akanywa funda moja. Halafu akanijibu, na ninakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, kwa sababu mimi siwezi kuyabeba peke yangu:

"Asubuhi akaanza kuniletea yeye mwenyewe. Ananishikia kikombe, anasimama pale mpaka niimalize. Nikajua na yeye amechoka na mimi. Basi nikawa nakunywa."

Dada yako